Jina la Mtoto Dirishani

Kliniki yetu ina sheria moja: mama akishakunywa dawa ya kuacha unga wa kulevya pale dirishani, lazima ataje jina la mwanawe kwa sauti. Si mbwembwe. Mwenye dawa mdomoni hawezi kusema, na wapo wanaoibana shavuni wakaiuze nje. Akishataja, mfamasia humwambia, "Haya mama, kesho," ndipo anaingia chumbani kwangu nimpime mtoto.

Mama Bonge peke yake aliruhusiwa kutikisa kichwa. Mumewe alimpasua mdomo kwa kufuli, eti alikuwa amelewa, akashonwa juu na chini.

"Mwache, dada, anaumia," mfamasia alinibembeleza.

"Hiyo huruma yako itatutokea puani," nikamwambia. Akacheka.

Jina la Bonge nilimpa mimi, enzi zile mapaja yake yamejaa mikunjo. Sasa likawa dhihaka. Kila akija, mshale wa mizani umerudi nyuma, na mama yake anatetemeka, makamasi yanamtoka, arosto tupu ya kukosa unga, utadhani hajawahi kuonja dawa yetu. Mtu wa hali hiyo hata kumshika mtoto anyonye ni kazi. Mganga mkuu alishasema: mtoto akipungua tena, ina maana mama hafuati tiba, na mtoto anachukuliwa. Nilikuwa na hasira za kutosha kijiji kizima, sijui nimmwagie nani.

Asubuhi moja nilimpokea mtoto mapema, mama yake akiwa bado kwenye foleni ya dirishani. Alipungua tena.

Nilikuwa bado nimeinamia mizani mama yake alipotoka dirishani akaingia, mashavu yamekaza. Mumewe alimfuata nyuma, akaufunga mlango kwa kisigino, akazungusha ufunguo. Mkononi alishika kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi.

"Tema," alimwambia mkewe.

Ndipo nikaelewa lile kufuli. Wala hakuwa amelewa siku ile. Alimpasua mdomo ili asilazimike kusema dirishani.

"Toka chumbani kwangu, mbwa wewe!" nikapiga kelele.

Alinipiga kiwiko cha pua, nikaangukia kabati la chanjo. Akamkwapua Bonge kwenye mizani, akamning'iniza kwa mguu mmoja juu ya sakafu ya saruji. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika.

"Tema, au namwachia."

Mama Bonge alisogea, akainamisha mdomo kwenye kichupa kama alivyozoea. Mumewe akakodolea kichupa macho, asipoteze hata tone. Hapo hapo mwanamke akampokonya mtoto kwa mikono miwili, akanitupia kifuani, na koo lake likapanda, likashuka. Amemeza.

Ngumi ya kwanza ilikata nyuzi zote. Ya pili ilitoa jino, nikalisikia likigonga ukuta. Alipoanguka, mwanamume yule akaanza kumpiga mateke ya tumbo, taratibu, kama mtu anayefukia shimo. Nilimbana Bonge kwapani, nikaunyakua ubao wa kupimia urefu wa watoto, nikamshushia nyuma ya sikio. Akayumba. Nikamrudia. Nasema ukweli, pigo la pili nililifurahia.

Mlinzi alivunja kitasa akamkuta yule mume anatapika chini ya mizani, akamkalia mgongoni. Nyuma ya mlinzi alisimama mfamasia, mikono kichwani, macho yakihama kutoka kwenye kichupa hadi kwenye ule mdomo aliouonea huruma.

"Hakuwa anameza," nikamwambia. "Ila leo kameza."

Mama Bonge alitambaa kwenye damu yake mpaka miguuni kwa mfamasia, akamshika suruali.

"Tulia, mama, usiseme kitu," mfamasia akamwambia.

Alikataa kwa kichwa. Aliufungua ule mdomo wote, damu ikamwagika kidevuni, akautoa na ulimi nje aonekane hajaficha kitu.

"Bonge," alisema.

Mfamasia alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na koti lake jeupe.

"Haya mama," akamjibu. "Kesho."