Lango Lisilo na Ua

Mimi muuza mihogo sikuwa na haja ya kujua nani hedmasta na nani si hedmasta. Mwenye njaa ni mwenye njaa, awe na tarbushi, awe kichwa wazi. Lakini huyu Maalim Abrahman alinilazimisha kumjua, na mie nikishamjua mtu, jamani, hanitoki.

Aliletwa kutoka Unguja mwaka ule siasa zilipopamba moto, watu wamegomeana maduka mpaka mazikoni hawaendeani. Tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaja, na siye wenyeji tukaugua.

Siku ya kwanza aliizunguka skuli, jengo refu la mabati na uwanja wa mchanga, akasema haina nidhamu. Dawa ya nidhamu, kwa maoni yake, ni lango. Likajengwa lango. Nguzo mbili za boriti zimepakwa chokaa, mlango wa mbao, na kufuli kubwa kutoka dukani kwa Jivraj. Ua je? Ua hakuna. Kulia kwa lango uwanja mtupu, kushoto kwa lango uwanja mtupu. Nikamuuliza, maana mdomo wangu ndio usio na kufuli, "Maalim, na ua?" Akasema ua utakuja baadaye, kwanza watu wajifunze lango.

Basi watoto wakajifunza lango. Asubuhi wanapita pale katikati mmoja mmoja, na atakayepita pembeni anakula bakora. Mbuzi wa Mzee Mbarouk, jirani wa skuli, wao walipita pembeni kila siku, wakaenda wakala maua ya hedmasta, wakarudi zao, na hakuna aliyewagusa. Huko nje watu wazima wanapiga kelele wanataka uhuru, na skulini kwetu aliyekuwa nao ni mbuzi.

Kengele ya pili ikilia, Maalim Jecha anatia kufuli. Maalim Jecha alikuwa msaidizi wa hedmasta, mtu mwema, mwembamba, mwoga hata ukimwambia sabalkheri anashtuka. Ukichelewa unabaki nje mpaka mapumziko. Ukichelewa mara ya tatu unafutwa skuli, kwaheri, nenda kwenu.

Siku moja hedmasta mwenyewe alichelewa makusudi. Akaja akagonga lango, "Jecha, fungua!" Na Jecha, masikini wa Mungu, akafungua. Lahaula! Alitukanwa tusi la kisomi mbele ya skuli nzima, watoto wamejipanga, nami na karai langu la mihogo naona.

"Nilikuwa nakujaribu!" hedmasta akapiga kelele. "Amri haimjui mtu! Hata nikija mimi, hata nikikwambia nakufa, usifungue!"

Jecha akalifunga lango upya, akalivuta kufuli mara tatu kuhakikisha. Nilimwonea imani, nikampa kipande cha muhogo bure.

Haya yote yangekuwa kichekesho tu, ningecheka nikauza mihogo yangu nikarudi kwetu. Tatizo ni mwanangu Khairiya.

Siye watu wa Makoongwe, kisiwa kidogo, na skuli iko ng'ambo. Tunavuka kwa mtumbwi wa Mgeni, mvuvi wa kwetu, mie na karai langu, watoto na vitabu vyao. Siku za kawaida hatuna neno. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, ndio balaa: asubuhi maji yanakimbia kutoka, mtumbwi unakwama mbali na pwani, na kilichobaki ni kushuka kukanyaga matope mpaka nchi kavu. Wala usiniambie tuamke mapema. Mtumbwi ndio huo mmoja, na Mgeni usiku kucha yuko nao anavua, hurudi kunapambazuka.

Khairiya alikuwa darasa la nane, msichana pekee wa kisiwani kwetu aliyefika hapo, na mtihani umekaribia. Katika bamvua lililopita alikuwa keshachelewa mara mbili. Na nyumbani nako Mzee Mbarouk, huyo huyo mwenye mbuzi, alikuwa keshaleta posa. Mume wangu Bakar si mtu mbaya, lakini neno lake likitoka halirudi, na neno alilolitoa lilikuwa hili: "Maadamu anasoma, asome. Siku atakayofutwa, nampa Mbarouk." Mbarouk yule mie namwita baba! Mwanangu alikuwa anakesha analia, na bamvua jengine hilo linakuja.

Nikamwendea hedmasta ofisini kwake.

"Maalim, mtoto hachelewi. Maji ndiyo yanayomchelewesha."

"Bi Mwanapili," akanijibu bila kuinua macho, "bahari haimo katika sheria za skuli."

Nilitoka pale ninachemka. Nikasema, haya, weye hujaijua bahari. Utaijua kwa miguu.

Hedmasta alikuwa na udhaifu mmoja ambao kila mtu akiujua: chakula cha watu. Hitima ikisomwa popote, yeye yupo. Sasa marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, hitima yake ya mwaka ule ilikuwa haijapangiwa siku. Nikaipangia. Nikaiweka katikati ya bamvua, nikamwambia Maalim kutakuwa na wali na pweza wa nazi. Hata sikumaliza kusema nani kafa, keshakubali.

Akavuka alasiri, akasoma vizuri, hilo simnyimi, na akala vizuri zaidi. Magharibi Mgeni akamwambia yeye anakwenda kuvua, atamrudisha asubuhi pamoja na watoto. Akalala kwetu.

Asubuhi Mgeni karudi, watoto wamejipanga pwani, maji yameshaanza kutoka. Maalim yuko juu ya mkeka na mkate wa kumimina. Akamaliza wa kwanza. Akamaliza wa pili. Akapangusa ndevu, akaniuliza, "Bi Mwanapili, ule mchuzi wa jana haukubaki?"

Ulibaki. Nikamletea.

Khairiya alisimama mlangoni, vitabu kavikumbatia kifuani. "Mama, maji yanatoka. Nitafutwa mie!"

"Nenda kapande mtumbwi," nikamwambia. Nia yangu ilikuwa Maalim ayaone matope yale mwenyewe, ayakanyage, labda aingiwe na huruma. Na asipoingiwa? Nilikuwa nimemweka mwanangu rehani kwa tumbo la mtu.

Mwisho akashiba, akavaa kanzu yake nyeupe, koti, tarbushi na viatu vya kamba, tukaondoka. Hatukwenda sana, mtumbwi ukagota.

"Mbona tumesimama?" akauliza.

"Tumefika, Maalim," akasema Mgeni.

"Tumefika wapi?"

"Mwisho wa maji."

Akaitazama pwani. Ilikuwa kule, na huku kote ni matope meusi na mizizi ya mikoko. Watoto wakashuka, wameshazoea, viatu mkononi. Yeye akashuka na vyake. Hatua ya kwanza akazama mpaka magotini. Ya pili kiatu kimoja kikabaki chini, na nadhani kipo mpaka leo. Kule ng'ambo kengele ya kwanza ikalia. Akaongeza mwendo, na matope hayataki mtu mwenye haraka: akaanguka chali, pwaa! Alipoinuka, cheupe kilichobaki kwake ni meno.

Hakuna mtoto aliyecheka, walikuwa wanaogopa. Khairiya akampa mkono. "Pole, Maalim. Weka mguu pale ninapoutoa mie." Na hedmasta akamfuata mwanangu, hatua kwa hatua. Tulikuwa hatujatoka mikokoni kengele ya pili ikalia.

Tulipofika skuli, lango limefungwa. Ndani watoto wamejipanga mistari, na nyuma ya mlango kasimama Maalim Jecha na funguo zake.

"Jecha, fungua," akasema hedmasta.

Jecha akamtazama kuanzia tarbushi mpaka mguu usio na kiatu. Uso ukambadilika. "Siwezi, Maalim."

"Hunijui? Ni mimi!"

"Nakujua, Maalim. Ulisema hata ukija weye."

"Siku ile nilikuwa nakujaribu! Leo sikujaribu!"

"Ndivyo atakavyosema mtu anayenijaribu," akajibu Jecha, na machozi yanamtiririka. Alifumba macho, kazikamata funguo kwa mikono miwili. Wallahi sijapata kumwona mtu akaogopa mpaka akawa shujaa, ila siku ile.

Hapo mbuzi mmoja wa Mbarouk akaja, akasimama mbele yetu, akatutazama, kisha akapita pembeni ya nguzo akaingia zake skuli. Nilikufa kwa kicheko! Nikalitua karai chini lisije likanianguka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh? Hedmasta akageuza shingo kulia: uwanja mtupu. Akageuza kushoto: uwanja mtupu. Hatua tatu tu angekuwa ndani. Lakini macho mia mbili ya watoto yanamtazama, na kila mmoja keshapigwa bakora kwa hatua hizo hizo. Akasimama pale pale, matope yanamkaukia.

Kicheko kilinikatika nilipomwona Khairiya. Alikuwa kaegemea nguzo, analia. Hii ni ya tatu. Kama mwenye skuli hafunguliwi, yeye binti Bakar atafunguliwa na nani? Nikajisemea, Mwanapili, na werevu wako wote huu, umemuoza mwanao kwa mikono yako.

Basi hedmasta akavuta pumzi. Akaligeuzia lango mgongo. Akavua miwani, akatafuta pahala pasafi pa kuifutia asipate, akaivaa vivyo hivyo. Kisha akatoa filimbi mfukoni mwa koti akaipuliza mpaka kunguru wakaruka.

"Sikilizeni!" akasema. "Skuli ipo pale alipo hedmasta. Hedmasta yupo hapa. Mlioko huko ndani mnafanya nini? Tokeni upesi! Mmechelewa!"

Watoto wakamtazama Maalim Jecha, Maalim Jecha akafikiri. Alikatazwa kufungulia wanaoingia. Wanaotoka hakuna aliyemtajia. Akafungua. Skuli nzima ikatoka mmoja mmoja katikati ya lango, kwa adabu, ikajipanga njiani kando ya mihogo yangu. Jecha alitoka mwisho, akalifunga lango nyuma yake kwa kufuli, mtu wa amri yule.

Hedmasta akapita mbele yao, mguu mmoja na kiatu, mmoja peku. "Aibu!" akasema. "Aibu kubwa! Leo waliowahi skuli ni watoto wa Makoongwe peke yao. Wapigieni makofi." Wakapigiwa makofi. Khairiya aliacha kulia, mdomo wazi, ananitazama mie kama kwamba nina jibu. "Na wewe, Maalim Jecha," hedmasta akamalizia, "hii ni mara yako ya kwanza. Jitazame."

Wakati wa mapumziko Jecha alikuja kukaa karibu na karai langu. Nikamkatia muhogo, akaushika tu.

"Bi Mwanapili, kosa langu mie lipi?"

"Kosa lako uliamini," nikamwambia. "Kula."

Jioni Bakar alikuwa ananingoja mlangoni na uso wake wa neno halirudi. "Kafutwa?" akauliza. Nikamwambia kapigiwa makofi na skuli nzima, na hedmasta ndiye aliyeamrisha, kaulize. Akaenda akauliza. Mbarouk akarudishiwa posa yake, akaambiwa aendelee na mbuzi. Na tangu siku ile, bamvua likiwadia, kengele ya pili ikawa inachelewa kulia. Hedmasta alisema saa ya skuli nayo ina haja ya kupumzika. Nani ambishie?

Majibu ya mtihani yalipokuja, aliyasoma mwenyewe, kasimama langoni, kanzu imepigwa pasi, viatu vipya. Waliofaulu kwenda kusoma Unguja hawakujaza kiganja. "Khairiya binti Bakar!" akaita. Kisha akaniona na karai langu, akatoa kifua. "Huyu ni kazi yangu mimi. Nidhamu! Tangu nimekuja hapa, msichana huyu hajachelewa hata siku moja."

Alinitazama usoni. Ulimi ukaniwasha, nyie! Maneno yote yalikuja, ya pweza, ya mchuzi wa jana, ya kiatu. Nikamtazama mwanangu, barua yake mkononi, anapita katikati ya lango lile bila kuangalia nyuma.

"Hata siku moja, Maalim," nikasema, nikamchagulia muhogo mkubwa kuliko yote.