Nyumba Tupu ya Sora Argia

Loredana Vagnoni alikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi ya kufasiri mikataba ya Kiitaliano kwa Kiingereza, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na dalali anayekiri kwamba Kiingereza hakijui. Wote wanakijua! Huyu alikaa miezi mitatu Brighton akiosha vyombo, yule ana shemeji Malta. Unawapa kazi uliyoitolea jasho, wanakurudishia imejaa alama nyekundu, na tabasamu juu yake.

Gilberto Tassotti alikuwa amewazidi wote. Yeye hakurudisha kitu. Alisahihisha kimyakimya, akapiga chapa, akawapa watu watie saini.

Loredana aliligundua hilo Jumanne asubuhi, katika ofisi ya mthibitishaji wa hati pale Ascoli, dakika ishirini kabla ya nyumba ya sora Argia, yaani bibi Argia kwa lugha ya kule, kuuzwa. Loredana mwenyewe alikuwa ameitwa kuwa mkalimani. Mnunuzi, mama wa Kiingereza aitwaye Pauline Thwaite, alikuwa ameketi sebuleni na mumewe Desmond, futi ya kupimia ikichungulia mkobani mwake.

"Tumeshapima," Pauline alisema kwa furaha. "Piano yangu itaingia vizuri kabisa kile chumba cha chini, anacholala yule bibi."

"Chumba cha kulala cha sora Argia?"

"Ndiyo. Lori linafika tarehe mbili Agosti. Hivi, yeye anahamia wapi? Tumeona haya kumuuliza, asije akadhani tunamfukuza."

Loredana alitazama upande wa pili wa chumba. Sora Argia Cocci, mjane wa miaka themanini na moja, alikuwa ameketi wima katika koti lake la Jumapili, mkoba juu ya magoti. Huyo hakuwa akihamia popote. Alichokuwa akiuza ndicho wazee wengi wa kwao wanachouza wakibaki peke yao, kiitwacho *nuda proprietà*, yaani umiliki uchi. Nyumba inaandikwa jina la mnunuzi, lakini imevuliwa nguo zake. Haki ya kukaa ndani, kuitumia na kula kinachozaliwa humo inabaki kwa mzee mpaka siku anayozikwa. Kwa malipo hayo sora Argia angemweka mama wa kumsaidia asubuhi na jioni. Bila hayo, mpwa wake alikwisha mwekea kitanda kwenye nyumba ya wazee ya watawa, San Benedetto, na yeye alikwisha sema kwamba afadhali azikwe amesimama.

"Naomba niuone mkataba wa awali mliosaini mwezi wa tatu," Loredana alisema.

Pauline akautoa. Palipokuwa na mistari saba ya Loredana, mistari aliyoipima neno kwa neno ili Mwingereza yeyote aelewe kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtu na ataendelea kuwamo, sasa palikuwa na maneno mawili. Nyumba tupu. Na chini yake: bibi anabaki na haki ya matunda.

"Hilo la matunda limetugusa sana," Pauline alisema. "Mwambie aje kila Septemba kuchuma tini zake. Tutampikia chai."

Loredana aliinuka, akamshika Gilberto mkono wa koti na kumvuta mpaka ukumbini, kwenye mashine ya kahawa.

"Gilberto, mistari yangu iko wapi?"

"Loredana, mpenzi, usianze. Ilikuwa mirefu! Waingereza wakiona sentensi ndefu wanakimbilia kununua Ufaransa. Nikaiuliza simu, simu ikaniambia nyumba uchi. Sasa mimi nimpelekee mama wa watu, mwalimu mstaafu, mpiga kinanda wa kanisa, nyumba uchi? Nikaona aibu. Nikaivalisha."

"Ukaivalisha nini?"

"Tupu. Si ndilo neno la heshima?"

"La heshima! Umewaambia hakuna mtu ndani, na mtu mwenyewe yule pale kavaa koti la Jumapili! Na haya matunda je?"

"*Usufrutto*. *Frutto* ni tunda. Hata mtoto wa chekechea anajua."

Kuna hasira inayotaka kupiga kelele, na kuna ile inayotaka tu kukaa chini sakafuni. Loredana alikuwa nazo zote mbili. Neno hilo ni haki ya kukaa na kutumia, lina miaka elfu mbili, limepita mikononi mwa mahakimu wa Roma wasiohesabika, lije liishie kwenye kikapu cha tini cha Gilberto Tassotti!

Gilberto alishusha sauti. "Nisikilize. Kisheria kinachohesabika ni Kiitaliano. Wewe wasomee kama nilivyoandika, watie saini, bibi anabaki kwake. Wakija kugundua, shauri yao. Ukifungua mdomo, mauzo yamekufa, na Jumatatu sora Argia yuko kwa watawa. Ndicho unachotaka?"

Kilichomkera Loredana kuliko yote ni kwamba, kwa hilo la mwisho, mpumbavu huyu alikuwa anasema kweli.

Waliitwa ndani. Dottoressa Quintili, mthibitishaji, alimwapisha Loredana kwamba atafasiri kwa uaminifu, kisha akaanza kusoma hati kwa sauti, mbio kama mtu anayesali rozari huku chungu kikiungua jikoni. Loredana alimfuata kifungu kwa kifungu. Mipaka ya kiwanja. Kisima. Ukuta wa pamoja na jirani. Kisha wakafika kwenye umiliki uchi.

Alimtazama sora Argia. Kikongwe yule aliitikia kwa kichwa na kumtabasamia, kama anayempa moyo mjukuu aliyesimama kughani shairi mbele ya wageni. Gilberto alikuwa anamkanyaga Loredana mguu chini ya meza.

Loredana alivuta pumzi, akafasiri mistari yote saba.

Desmond Thwaite alivua miwani. "Anakaa mpaka lini?"

"Mpaka atakapokufa."

"Sisi tumeshauza nyumba yetu," Desmond alisema polepole. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Na hata kama tusingeuza. Mnatutaka tukae tungoje mama huyu afe? Hiyo si adabu. Hatuwezi. Pauline, chukua mkoba."

Sora Argia alimvuta Loredana mkono. "Mwanangu, wanasemaje? Mbona bwana amenuna?"

Basi Loredana akasema yote, kwa Kiitaliano, bila kumficha mtu: nyumba uchi, nyumba tupu, tini, piano. Sora Argia aligeuka taratibu mpaka akamkabili Gilberto.

"Tupu? Wewe! Ulikuja kuiangalia nikakukaangia zeituni zilizojazwa nyama, ukamaliza sahani nzima, ukaomba na za kubeba. Nani alikukaangia, mzimu?"

Gilberto alisoma dari.

"Na bwana anasema si adabu kungoja ufe," Loredana akamalizia.

"Adabu gani? Mwambie kila mtu anangojewa. Yule mpwa wangu ananingoja bure tangu mwaka wa tetemeko la ardhi. Hawa angalau walikuwa wananilipa!"

Loredana alifasiri neno kwa neno, wala hakupunguza ukali wake. Desmond alitoa kitu kilichoanza kama kikohozi na kuishia kicheko, akajifuta macho. Pauline hakucheka. Alikuwa akimtazama sora Argia usoni, na Loredana alihisi kwamba kabla ya hapo hakuwa amemtazama hata mara moja, alikuwa akitazama kuta zilizo nyuma yake.

"Muulize anatumia vyumba vingapi."

"Jiko na hicho cha kulala," sora Argia alijibu. "Juu sijapanda miaka minne. Magoti. Huko kuna njiwa na suti za marehemu."

"Piano inaweza kwenda juu," Pauline akamwambia mumewe.

"Ngazi zile? Nani ataibeba?"

Pauline alinyoosha kidole kwa Gilberto, na hilo halikuhitaji mkalimani.

"Muulize huyo mama anapiga saa ngapi," sora Argia alisema kwa wasiwasi.

"Asubuhi."

"Afadhali. Chombo changu cha kusikilizia sikivai mpaka saa tano."

Dottoressa Quintili alikuwa ameshafunga faili. Hati yake haichorwichorwi pembeni, alisema. Ataiandika upya: chini na bustani vibaki mikononi mwa muuzaji mpaka kufa kwake, juu kuwe kwa wanunuzi tangu siku ya saini. Warudi Alhamisi saa nne, na tafsiri aiandike signora Vagnoni, iletwe mkononi, isipitie kwa mtu yeyote.

"Ila hilo la mpaka kufa kwake," Gilberto alianza, "kwa Kiingereza tunaweza kulifupi—"

"Gilberto," Loredana alisema, "ukigusa hata nukta, hiyo piano utaibeba peke yako."

Walikuwa wamefika mlangoni, Desmond amemshika sora Argia mkono kwa ajili ya ngazi, wakati kikongwe aliposimama ghafla na kugeuka.

"Mwanangu! Na tini?"

"Tini zimefanya nini?"

"Waambie ni zangu. Zote. Na uandike."

Loredana alikuwa amechoka hata taya zilimuuma, lakini alifasiri. Pauline alimtazama kwa mshangao.

"Lakini hilo tunalijua," alisema. "Ndilo pekee tulilolielewa tangu mwanzo."