Lango Lililotulizwa

Mimi kutulia siwezi. Tangu utotoni kaka yangu ananiita Kiherehere, na asubuhi ile jina lilinikaa barabara: nilizunguka kiti changu kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku kompyuta ikikokotoa taratibu, utadhani haijaambiwa kwamba saa tisa maji yanafunguliwa.

Maji yenyewe ni ya bwawa jipya, na kinachoyazuia ni lango la chuma, zito kuliko lori na mzigo wake. Likipandishwa kidogo, maji yanapita chini yake. Ukingo wake wa chini umevishwa raba nene ili lisivuje likifungwa. Sisi wa ofisini kazi yetu ni kulijaribu lango ndani ya kompyuta kabla ya maji kulijaribu kweli. Programu inalikatakata lango, raba na maji kuwa vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, kisha inakokotoa kila kipande kinavyomsukuma jirani yake. Raba ikipinda, maji yanabadili mwendo. Maji yakibadili mwendo, raba nayo inapinda upya. Hapo ndipo kasheshe huanzia.

Na aliyelichomelea lango lile ni kaka yangu. Wachomeleaji wa saiti ile wana desturi yao: siku ya maji ya kwanza, aliyechomelea ndiye anayesimama juu ya lango, kwenye kijukwaa cha chuma, mpaka lifunguke. Hakuna aliyewalazimisha. Ndiyo namna yao ya kusema kazi yangu naiamini. Mama alinipigia simu asubuhi akicheka, kwamba mwanawe kavaa shati jipya kama bwana harusi, kumbe anakwenda kusimama juu ya chuma. Nikacheka naye. Moyoni sikuwa nacheka hata kidogo.

Wiki iliyopita modeli ya lango lile ilitugomea. Kila tulipolipandisha lango kidogo tu, namba ziliruka, zikarukaruka, mpaka programu ikakata roho. Aliyeishughulikia ni mwenzangu anayekaa mkabala nami, mkubwa wangu kazini, tunamwita Bwana Shwari kwa kuwa grafu zake siku zote ni tulivu. Alifanya kile ambacho ofisi yetu hufanya siku zote: aliiongezea raba utulizaji, yaani namba moja tu unayoipachika na inakula mtikisiko wote. Grafu ikanyooka, ripoti ikapanda, bosi akatia saini. Wala hakunificha. Aliniambia waziwazi kwamba ile ilikuwa homa ya kompyuta, siyo homa ya lango.

Na homa hiyo ipo kweli, simwonei. Raba ni nyepesi, maji ni mazito, na programu ina nusu mbili: moja inakokotoa maji, nyingine inakokotoa raba. Kila nusu inajibu jambo ambalo mwenzake alisema kitambo, kama ndugu wawili wanaogombana kwa simu mbovu. Kosa dogo linazaa kubwa, kubwa linazaa balaa. Lakini mimi nilijiuliza swali moja na likaninyima raha: je, kama zilikuwa homa mbili?

Basi asubuhi ile nikauondoa utulizaji wake wote. Badala yake nikazilazimisha zile nusu mbili zisikilizane, zirudie na kurudia mpaka zikubaliane, ndipo zipige hatua inayofuata. Programu ikawa nzito kama mgonjwa anayepanda ngazi. Ila haikufa. Namba hazikuruka tena, nikapiga kofi mezani kwa furaha, chai ya Bwana Shwari ikamwagika kidogo.

Furaha ikaishia hapo. Grafu haikuruka, lakini haikutulia pia. Raba ilianza kutetemeka, ikazidi, halafu ikabaki inatetemeka kwa mapigo sawasawa kama cherehani, ikilitikisa lango zima pamoja nayo. Nikavikata vipande vidogo zaidi. Mapigo yaleyale. Nikazipunguza hatua za muda kwa nusu. Mapigo yaleyale. Homa ya kompyuta haina uaminifu huo. Ukigusa vipande au hatua, nayo inageuka sura. Hii haikugeuka. Hii ilikuwa ya lango lenyewe, na dawa ya Bwana Shwari ilikuwa imezinyamazisha homa zote mbili kwa mpigo mmoja, ya uongo na ya kweli.

Nikamvuta aje aone. Alitazama muda mrefu, akasema hata raba halisi ina utulizaji wake, huenda mtikisiko ukapungua. Nikamuuliza yeye alitia kiasi gani. Akakiri kwamba alitia mara kumi ya raba yoyote aliyowahi kuiona. Kisha akaniambia, kwa sauti yake ileile ya maji mtungini, kwamba ripoti imeshakwenda, bosi yuko saiti na wageni, niandike hoja zangu tuzijadili Jumatatu. Jumatatu! Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

Nikampigia kaka. Alipokea akiwa na kelele za watu nyuma yake, akanisikiliza, akacheka. Akasema kila lango hutetemeka kidogo, hata mbuzi hutetemeka akiingizwa majini. Nilipomsihi asipande, kicheko kikakatika. Akasema asiposimama juu yake leo, wenzake watasema weldi yake ni ya mkono unaotetemeka, na jina likishaharibika halichomeleki. Akakata simu.

Bwana Shwari alikuwa anatakiwa saiti vilevile. Nilijipakia garini mwake bila kukaribishwa. Njia nzima sikunyamaza, na niliona anashika usukani kwa mikono miwili, yeye anayeendeshaga kwa kidole.

Tulipofika, kaka alikuwa ameshapanda. Nilimwona juu kule, shati jeupe, mikono kiunoni, na chini yake ukuta wa chuma na upande wa pili maji yote yale. Nikamwendea bosi mbele ya wageni wake nikamweleza, kwa haraka na vibaya, kama mtu anayeita zimamoto. Bosi alimgeukia Bwana Shwari akamuuliza kama lango liko salama, maana hesabu ni zake.

Bwana Shwari akasema, "Kwa kiwango kikubwa, ndiyo."

Sijui maneno yalinitokaje. Nilisema, "Basi panda. Kaka yangu amelichomelea, wewe umelikokotoa. Mmelitengeneza wote wawili. Panda usimame naye."

Wachomeleaji waliokuwa wamejipanga pembeni wakaitikia kwa vichwa. Kwao lilikuwa jambo la haki kabisa, wala si kejeli. Hata kaka, juu kule, akasogea kumpa nafasi, akamnyooshea mkono.

Bwana Shwari akapanda kipago cha kwanza cha ngazi. Akapanda cha pili. Akasimama hapo, mkono umeng'ang'ania chuma, anaitazama raba pale chini. Hakuna aliyemharakisha. Halafu akateremka, uso umemshuka, akamwambia bosi, "Simamisheni. Sina uhakika."

Nikadhani yamekwisha, kumbe kaka hataki kushuka. Akauliza kama basi weldi yake ndiyo mbovu, wasikie wote. Nilimfokea, nikamwita majina yote ya utotoni, akazidi kuking'ang'ania kijukwaa. Ni Bwana Shwari aliyemjibu, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wageni.

"Fundi, weldi yako haina kosa. Kosa ni langu. Shuka, tafadhali."

Ndipo akashuka, akaiacha kofia yake ngumu kwenye kijukwaa kwa makusudi, ili walau kitu chake kisimame pale.

Bosi akaamuru basi lijaribiwe kidogo tu, bila mtu juu yake, na lango likapandishwa kwa mtambo, upana wa kiganja. Maji yakatoka safi, meupe. Hakikutokea kitu. Wageni wakaanza kunitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaogopa kwamba nimekosea. Kisha tukasikia mngurumo, chini kabisa, tukausikia miguuni kabla ya masikioni. Mapigo sawasawa. Kofia ikaanza kucheza juu ya kijukwaa. Boliti moja ya kijukwaa ikachomoka, ya pili ikafuata, kijukwaa kikaning'inia upande mmoja, na ile kofia ikadondoka majini na hatukuiona tena. Bosi alipiga kelele wafunge, nao walikuwa wameshaanza kufunga.

Kaka akaliangalia lango kuanzia juu mpaka chini, mshono kwa mshono.

"Umeona, Kiherehere," akasema. "Weldi haikuachia."

Nilimpiga ngumi ya mgongo, kisha nikamkumbatia nikalia mbele ya watu wote. Shati lake jipya lilikuwa limelowa jasho mgongoni kote, naye alikuwa akitetemeka.