Matanga ya Mwanaheri

Tangu meli iwateremshe Dar es Salaam, Mwanaheri alikuwa akitembea kama mtu anayeota na anayejua kuwa anaota. Hakuliamini joto. Hakuamini kwamba watu wangepishana naye njiani, wamwamkie, kisha wapite zao bila kugeuka kumtazama mara ya pili. Hata jasho lililomtiririka mgongoni alilihisi kama la mtu mwingine.

Walikuwa wametoka Udachini, nchi ya Wajerumani, yeye na mumewe Rehani. Walikwenda huko mwaka mmoja kabla ya vita vya Majimaji, wakimfuata Mdachi mmoja mpima ardhi. Mwanaheri akilea watoto wa nyumba ile, Rehani akipika na kupiga pasi. Mji waliokaa ulikuwa na mto mpana, na kila baridi ilipokaza mto ule uliganda na watu wakatembea juu yake. Mwanaheri aliyazoea mengi ya kule, lakini hilo hakulizoea. Sasa bwana wao alikuwa amehamishiwa nchi nyingine, watoto wamekua, nao wakalipiwa meli ya kurudi kwao.

Rehani alikuwa mtu wa Bagamoyo, na ndugu zake walimtaka abaki pwani. Yeye akasema, "Kwanza tukamwone mama yake Mwanaheri. Habari nyingine baadaye." Mama huyo, Bi Pili, mfinyanzi wa vyungu, waliachana naye Kisaki, ng'ambo ya milima ya Uluguru. Huko ndiko Mwanaheri alikozaliwa, na huko ndiko Rehani alikomwoa alipopita na msafara wa mpima ardhi. Tangu siku ile hawakupata habari zake wala hawakujua namna ya kumpelekea zao.

Wakapanda gari la moshi. Walipoondoka nchini reli haikuwapo. Njia ile waliipita kwa miguu, wakilala vituoni na kuogopa simba. Sasa nchi ilikuwa ikipita dirishani yenyewe, nyasi, mto Ruvu, moshi wa mashamba yanayochomwa, na Mwanaheri akaona kama ni yeye aliyekaa kitako na ni nchi inayosafiri. Akasinzia, akaamka, akasinzia tena. Alipofumbua macho mara ya mwisho, milima ilikuwa imesimama mbele yao, mawingu yameikata kiunoni, na vilele vyake vikielea juu pasipo kushikwa na kitu.

"Ndiyo yenyewe?" Rehani akauliza.

"Ndiyo," akasema. "Nilidhani nimeikuza kichwani mwangu. Kumbe nilikuwa nimeipunguza."

Usiku ule walilala Bigwa, kwa fundi seremala aliyejuana na Rehani, wakamwachia kasha lao. Asubuhi wakashika njia ya Kiroka na vifurushi vyepesi. Rehani alivaa koti lake zito la Udachini, kwa kuwa halikuingia katika kifurushi chochote.

Njia ilipanda na kushuka kati ya migomba. Wanawake waliotoka shambani walipishana nao wakizungumza Kiluguru, na Mwanaheri aliyasikia maneno yale kama anayasikia akiwa chini ya maji. Aliyajua, lakini hayakumfikia. Mara moja moja neno likaibuka peke yake, neno la kuni au la mvua, naye akageuka haraka kana kwamba mtu amemgusa bega.

Karibu na Mkuyuni walinunua ndizi kwa mama mmoja. Rehani akapokea, na bila kufikiri akamshukuru kwa Kidachi. Mama yule akaacha chane zilizobaki pale pale chini, akaondoka kwa haraka bila kugeuka nyuma. Wakamwita, hakusimama.

"Nimemtisha," Rehani akasema.

"Siyo wewe," Mwanaheri akamjibu. "Ni wale aliowasikia wakisema lugha hiyo."

Tangu hapo Rehani akawa anafikiri kwanza ndipo anashukuru. Na kadiri walivyokwenda, wakaanza kuelewa. Palikuwa na mahali ambapo migomba ilimea kwa safu nzuri lakini hapakuwa na nyumba. Mafiga matatu yalikaa wazi kwenye nyasi, yakisubiri mwenye chungu. Vita walivisikia wakiwa Udachini, vikisomwa gazetini na wageni wa bwana wao mezani, huku Rehani akigawa supu. Nyakati zile vilionekana vya mbali sana, kama vya nchi ya watu wengine.

Walifika Matombo jua likielekea kutua, wakakaribishwa na mjane mmoja Mkatoliki aitwaye Paskalia, mwenye shamba la maharage chini ya misheni. Aliwapikia ugali na mboga, akaketi nao jikoni kuwaangalia wakila.

"Mnaelekea wapi, wageni wangu?"

"Kisaki," Rehani akasema. "Tunamtafuta Bi Pili, mfinyanzi."

"Pili wa vyungu? Huyo hayuko Kisaki. Wengi wa huko walihama. Vita vilipopita ikaja njaa. Yuko huku huku juu, kwa binti yake Chausiku. Hicho chungu mnacholia mboga ni mkono wake."

Mwanaheri akakitazama chungu. Chini ya mdomo wake palikuwa na mistari midogo iliyochorwa kwa ukucha. Akaipitishia kidole.

"Ila yule mama amepata mitihani," Paskalia akaendelea. "Alikuwa na binti mkubwa, akamfia pwani."

Rehani akaacha kutafuna.

"Alikufa na nini?" Mwanaheri akauliza.

"Ndui. Mpagazi mmoja alileta habari kwamba mwanamke wa Kisaki, aliyekuwa akifanya kazi kwa Wadachi, amezikwa Dar es Salaam. Nilikwenda mwenyewe matangani. Ulikuwa wakati wa njaa, hatukuwa na cha kupika, tulichemsha majani. Lakini tulikaa. Pili alinyoa nywele zote."

"Aliitwaje, huyo binti?"

"Mwanaheri. Wanasema alikuwa mzuri wa sura, na mkaidi." Paskalia akatabasamu kidogo, kisha akamgeukia. "Nawe mwenzangu, hata jina sijakuuliza."

Rehani akafungua mdomo. Mwanaheri akamwekea mkono gotini.

"Niite mke wa Rehani, mama. Inatosha."

Asubuhi, walipokuwa wakipanda mlima, Rehani hakuweza kujizuia tena. "Mbona hukumwambia?"

Mwanaheri akaendelea kupanda. "Amenilia, bwana. Amekaa matanga yangu na njaa tumboni. Ningemwambiaje kwamba alijisumbua bure?"

"Angefurahi."

"Labda. Lakini sikutaka mtu mwingine ajue kabla ya mama."

Ukungu ukawameza. Ulikuwa mweupe na mzito, ukishuka kwenye njia kama maziwa yanayomwagika taratibu, na Rehani kwa mara ya kwanza akafurahia koti lake. Waliona miguu yao tu na udongo mwekundu. Sauti zilikuja bila wenyewe: jogoo, maji ya kijito, jembe likigonga jiwe. Mwanaheri alijihisi mwepesi. Akawaza kwamba pengine mpagazi yule alisema kweli. Pengine alikufa Dar es Salaam kabla ya meli kung'oa nanga, na mto ulioganda, na watoto weupe, na safari yote hii, ni mambo ambayo mtu huyaona baadaye. Wazo lenyewe halikumtisha. Lilikuwa laini kama ukungu.

Ndipo sauti ikaita kutoka juu yao.

"Mwanaheri."

"Abee," akaitika. Na papo hapo, mbele yake, sauti nyingine nyembamba ikaitika pia:

"Abee, bibi."

Msichana mdogo akatokea kwenye ukungu na kibuyu cha maji kichwani. Akawatazama, akamtazama zaidi Rehani na koti lake, kisha akakimbia kwa namna wanavyokimbia watoto wenye maji, mwili wote ukienda na kichwa kikibaki mahali pamoja. Wakamfuata.

Nyumba ilikuwa ukingoni mwa mteremko. Uani, juu ya mkeka, Bi Pili alikuwa amepiga magoti akikanda udongo. Alikuwa amekonda, na nywele zilizoota baada ya kunyolewa ziliota nyeupe.

"Shikamoo, mama," Mwanaheri akasema.

Bi Pili akainua uso. Akanyoosha mkono wenye udongo, akamvuta mtoto na kumweka nyuma ya mgongo wake.

"Simama hapo hapo," akasema. "Umekuja kumchukua nani?"

"Sikuja kumchukua mtu."

"Jina nimempa huyu. Kama umefuata jina, nichukue mimi, huyu mwache."

"Mama, mimi sijafa. Nilikuwa Udachini na mume wangu. Yule aliyekufa ni mwingine."

"Nani?"

"Simjui. Mwanamke wa Kisaki. Mama yake hana habari mpaka leo."

Ukungu ulikuwa ukipita kati yao. Kisha uso wa Bi Pili ukabadilika, kama wa mtu aliyekumbushwa jambo linalomhusu jirani.

"Basi nilimlilia mtoto wa mtu."

"Ulimlilia, mama."

"Afadhali alipata wa kumlilia."

Akainuka polepole, akaja mpaka alipo binti yake, akambonyeza mkono juu ya kiwiko kwa vidole vyake vyenye udongo. Alibonyeza kama anavyobonyeza chungu kibichi kujua kama kimeshika. Akabonyeza tena.

"Una joto," akasema, akamvuta chini kwenye mkeka.

Chausiku alipotoka shambani aliwakuta wote watatu chini, mama yake, dada yake na binti yake, wameshikana, na mwanamume asiyemfahamu amesimama mbali amewapa mgongo kwa kumheshimu mkwewe. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Walipotulia akataka kumwingiza dada yake ndani apumzike, lakini Bi Pili akaziba mlango.

"Nilishamtoa," akasema. "Nguo zake niligawa. Jina lake nikalitoa. Hawezi kuingia tu kama mtu aliyetoka kisimani."

"Mila inasemaje?" Chausiku akauliza.

"Mila haisemi kitu. Sijaona mtu aliyerudi. Nichemshieni maji."

Wakamwogesha nyuma ya nyumba, kwa maji ya vuguvugu, kama anavyoogeshwa mtoto mchanga. Bi Pili alimsugua mwenyewe, masikio, shingo, kati ya vidole vya miguu. Mwanaheri, mwanamke mzima aliyevuka bahari mara mbili, alifumba macho akajiachia. Kisha wakamfunika kanga mpya, na Bi Pili akasisitiza kwamba mtoto mchanga haingii kwa miguu yake. Yeye na Chausiku na jirani mmoja wakambeba juu juu, wakagonga mlango kwa kisigino chake, nusura wamwangushe, na hapo ndipo kicheko kilipowashika wote. Rehani, huko aliko, alisikia sauti ya mkewe ikicheka, sauti ambayo hakuisikia tangu baridi ya kwanza ya Udachini.

Bi Pili akaketi kizingitini na kumpakata, ingawa miguu ya binti yake ilifika katikati ya chumba.

"Sasa nikuite nani?" akasema. "Jina lina mwenyewe."

Mtoto, aliyekuwa amesimama karibu akifuatilia kila kitu, akasema kwa wasiwasi, "Ni langu."

"Ni lako," Mwanaheri akamwambia. "Sikunyang'anyi."

Mtoto akafikiri. "Lakini watu wawili wanaweza kuwa nalo?"

"Wanaweza. Mmoja akiwa nalo na mwingine akawa nalo, wanaitana somo."

"Somo," mtoto akarudia, akionja neno, na toka siku ile hakumwita mama mkubwa wala jina jingine lolote.

Jioni, wageni walipopungua, Bi Pili alimwuliza binti yake kwa sauti ndogo, "Huko kukoje?"

"Huko wapi, mama?"

"Huko ulikokuwa."

Mwanaheri akaona kwamba mama yake hakuwa anauliza kuhusu Udachini peke yake. Akamjibu alivyoweza. "Kuna baridi. Miti inasimama bila majani. Watu wake si wabaya, ila hakuna anayekuita kwa jina lako kama linavyoitwa. Na maji yanakuwa magumu, unayakanyaga."

Bi Pili akatikisa kichwa taratibu. "Ndivyo nilivyodhani," akasema.

Walikusudia kukaa siku chache, wakakaa mpaka mavuno. Rehani alishuka Kisaki na mume wa Chausiku, akarudi na kusema kwamba kiwanja cha zamani kimejaa nyasi na hapana haja ya kwenda kukiangalia. Paskalia alipanda mlima kuja kutoa hongera, na kabla ya kutua kikapu chake akamshambulia Mwanaheri: "Umekula ugali wangu, ukaniacha nikuzike mbele ya macho yako." Kisha akamkumbatia.

Ila Bi Pili alikuwa na jambo lililomkaa. Siku moja akawaambia kwamba matanga yale hayakumfikia mwenyewe. Yalikwenda kwa jina la mtu aliye hai, na marehemu yuko Dar es Salaam amelala bila lake. Akataka yakaliwe upya. Wakawaomba wapagazi waulize Kisaki na vijiji vya jirani ni nani aliyepotelewa na binti pwani, lakini waliopotelewa walikuwa wengi mno, na jibu la uhakika halikuja. Basi wakamwita mwalimu Mikidadi asome hitima. Alipofika mahali pa kutaja jina akasita, akamtazama Bi Pili.

"Sema binti yetu," Bi Pili akasema.

Safari hii kulikuwa na wali wa mpunga wa mlimani, na maharage ya Paskalia, na watu walikula wakashiba. Mwanaheri alikaa kwenye mkeka kati ya mama yake na somo yake, kichwa amekifunika kanga, akamlilia kwa sauti mwanamke ambaye hakupata kumwona. Hakuna aliyemwambia anyamaze.