Mrija wa Nevena

Walisema kuna mvulana wa mji wa pili aliyekunywa maji kwenye mfuko wa mgongoni, akafa kabla hajateremka mlimani. Jina lake hakuna aliyelijua. Pale kwenye tanuri la mikate habari ilipotua, mmoja alisema ni minyoo, mwingine akasema sumu ya plastiki, wa tatu akasema huenda moyo wake ulikuwa mbovu tangu azaliwe. Radmila, aliyefanya kazi hapo, alisikiliza huku akipanga bureki, mikate ya tabaka yenye jibini, kwenye trei, akajiambia ni porojo. Lakini ilimganda kama unga kwenye kucha.

Binti yake Nevena alikuwa na mfuko kama huo. Kila Jumamosi alipanda milima na wenzake wa chama, mfuko laini wa maji mgongoni, mrija umepita begani, ananyonya huku anatembea.

Radmila akaanza kuusafisha mwenyewe. Alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akamimina rakija kidogo, ile pombe kali ya matunda, kwenye mfuko, akautikisa, akaimwaga. Katika nyumba ile rakija ilipakwa kifuani, ikasukutuliwa kwenye jino bovu, ikatumika kusugulia hata vioo. Basi ingeshindwa na mfuko? Akaufunga vizuri kifuniko, akautundika nyuma ya mlango wa jikoni. Siku ya safari aliujaza maji yenye sharubati tamu ya maua ya zova, kichaka cha porini, maana aliona maji matupu hayampi mtoto nguvu.

Mwezi wa saba Nevena alianza kulalamika tumbo. Mama mkwe wake Radmila, bibi Persida, alikuwa na jibu tayari: mtoto amepigwa na upepo huko juu. Kwa Persida, madirisha mawili hayakufunguliwa kwa pamoja hata jua liwe kali namna gani, kwani upepo ukiingia huku na kutokea kule huondoka na figo za mtu. Radmila naye alilelewa hivyo. Walikaa jikoni wakitoka jasho, madirisha yamefungwa, na wote wawili wakaona wanamlinda mtoto.

Jumamosi moja wenzake walimrudisha Nevena wakiwa wamemshika makwapani. Alikuwa ametapika njia nzima. Kule zahanati daktari aliuliza amekula nini, amekunywa nini. Radmila akaeleza habari za mfuko na rakija, kwa kujiamini kidogo. Daktari akauliza, na mrija je? Mrija Radmila hakuwahi kuugusa.

Alipomrudisha Nevena nyumbani hakuvua hata viatu. Alikichomoa kinyonyeo, kile kidomo cha mpira kwenye ncha ya mrija. Ndani kulikuwa na utelezi mweusi. Akauinua mrija kwenye mwanga, akaona madoa mpaka mwisho. Akaingiza mkono kwenye mfuko. Pembe zilikuwa na unyevu bado, zinateleza, zinanuka utamu uliochacha. Mfuko ule haukuwahi kukauka hata siku moja. Akakaa sakafuni. Alichoka kiasi kwamba hata kulia aliona ni kazi.

Alitaka kuutupa, na milima iende nao. Nevena alimsikia akifungua pipa la taka.

"Ukiutupa, mama, nitaazima wa Vukašin wa chamani," alisema kutoka kitandani.

"Vukašin? Yule asiyefua hata soksi zake?"

"Basi osha wangu."

Radmila akaosha. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Uzi mnene wa sweta, ncha yake imefungwa kipande cha kitambaa, akaupitisha kwenye mrija, akauvuta, ukatoka mweusi. Akabadilisha kitambaa, akavuta tena, mpaka kikatoka kama kilivyoingia. Kinyonyeo akakiloweka kwenye siki, akakisugua kwa mswaki wa zamani, akakisuuza mpaka harufu ikaisha. Kisha akatia mwiko mdomoni mwa mfuko ili kuta zake zisigusane, akautundika kichwa chini, mrija kando yake.

Ukabaki upepo. Akafungua dirisha la jikoni. Akafungua na la sebuleni.

Persida alifika mlangoni ameshika shingo. "Radmila, umeamua kutuzika?"

"Mama, jifunge kitambaa."

"Ukipooza uso usiniite."

"Sitakuita. Mdomo nao utakuwa umepooza."

Mkwe wake akajifungia chooni na blanketi, akilaani kwa sauti ya kusikika. Radmila alibaki amesimama katikati ya ule upepo, kiganja kimefunika kisogo, kwa sababu hata yeye aliogopa. Pazia likajaa, likashuka. Matone ndani ya mrija yakaanza kupungua.

Nevena akapona polepole. Baadaye akapanda tena, na maji matupu mgongoni, na Radmila akaenda kazini bila kulala vizuri, kama kawaida yake.

Wewe mwenye mtoto wa aina hiyo, epuka haya:

Usitie sharubati, juisi wala kitu chochote cha sukari kwenye mfuko.

Usiuache na maji mtoto akirudi. Mwaga siku hiyo hiyo.

Usidhani pombe imesafisha.

Usitumie maji yanayochemka, plastiki hulegea.

Usisahau mrija. Usisahau kinyonyeo, kichomoe.

Usifunge kifuniko kukiwa na unyevu.

Usiukaushe kwenye chumba kilichofungwa madirisha, hata mama mkwe aseme nini.