Jerikeni la Tisa la Biasha

Madirisha ya ghala la kukamulia mafuta ya mbono, pale Waa, yalizibwa Jumatatu tarehe tano Februari, baada ya chai ya saa nne. Fundi alipigilia nailoni, akaweka na mbao juu yake. Ndani walikuwamo wanawake kumi na wanne na jiko la kukaangia mbegu. Walielezwa kwamba unyevu wa bahari unaingia kwenye mafuta na kuharibu vipimo. Kitsao, msimamizi, alisema ni kwa wiki moja tu.

Wiki hiyo haijaisha hadi leo.

Biasha, mkewe Mwero, alianza kukohoa kabla mwezi haujatimia. Akamwendea Kitsao kumwomba afungue japo dirisha moja.

"Bi Biasha, moshi wa mbono haujaua mtu," Kitsao alimjibu. "Kwani kwako hupikii kuni?"

Biasha alizikwa Mei, kwao Kinondo. Cheti kiliandikwa mapafu. Mapafu yalipatwa na nini, hakuna mkubwa aliyetaka kuandika. Kiti chake ghalani akapewa mdogo wake, Twaiba, kwa sababu ana watoto, na watoto hula kila siku.

Biasha aliacha majerikeni tisa ya mafuta aliyoyakamua mwenyewe, yenye jina lake ubavuni. Yalipelekwa Ukunda, kwenye banda la vipimo ambako Mwero ndiye mlinzi wa mchana. Humo mna injini ya ndege isiyozidi sufuria ya pilau, imefungwa juu ya meza ya chuma. Hutiwa mafuta ya namna hii au ile, ikawashwa, na mizani ikaonyesha inasukuma kilo ngapi. Kipimo kingine hutoa joto la moshi, na kingine mafuta yanayoliwa kwa dakika. Cynthia, mhandisi kutoka Nairobi, huandika yote.

Jerikeni la kwanza la Biasha lilikataa kuwaka. Cynthia alibadilisha plagi, akabadilisha chujio, akaitukana pampu.

"Hujamsalimia," Mwero alimwambia kutoka mlangoni.

"Nani sasa?"

"Mwenye mafuta. Huyo hamjibu mtu asiyemwamkia, hata awe chifu."

Cynthia alitazama saa yake. "Haya. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," injini ilijibu, ikawaka.

Cynthia akaandika: imewaka saa tano na dakika kumi na mbili.

Ilisukuma kilo kumi na sita, mbili zaidi ya mafuta ya kawaida ya ndege. Dakika ya tatu ilikohoa, kile kikohozi chembamba ambacho Mwero alilala nacho miezi mitatu. Kisha ikasema madirisha yafunguliwe, wenzake wamo ndani. Ilirudia mara mbili, kwa adabu. Cynthia akaandika: mtetemo kidogo.

"Huo si mtetemo," Mwero alisema. "Andika alivyosema."

"Mzee, hii fomu haina mahali pa maneno."

"Joto lina mahali pake. Moshi una mahali pake. Mtu ndiye akose?"

Cynthia aliona haya. Akaapa kwamba jerikeni la tisa litawekwa kando, na wakubwa wakija kukagua vipimo litawashwa mbele yao, wasikie kwa masikio yao. Mwero alimwamini. Aliishia darasa la nne, na mtu wa namna hiyo bado anadhani mwenye kalamu ataandika.

Majerikeni manane yakaisha moja moja. Kila injini ilipowaka Mwero alisogea akampa mkewe habari za nyumbani: mbuzi amezaa pacha, paa linavuja upande wa jikoni. Biasha aliuliza paa litaezekwa lini. Msukumo haukupungua wakiwa katika mazungumzo hayo.

Wakubwa walikuja Alhamisi, magari manne. Kabla ya kuwasha, Kitsao aliwagawia vizibo vyekundu vya masikio, kwa usalama wao. Jerikeni la tisa likatiwa. Biasha alizungumza dakika kumi na moja bila kukohoa. Alitaja siku madirisha yalipozibwa, akataja wenzake kumi na watatu kwa majina yao na ya baba zao, mpaka mafuta yakamwishia mdomoni. Wakubwa waliitazama mizani, wakapiga makofi. Mwero akamgeukia Cynthia. Naye alikuwa amevaa vyekundu.

Waliondoka na amri mbili: mafuta yaongezwe maradufu, na ghala lisibadilishwe chochote, maana vipimo vimependeza.

Jumatatu likaja jerikeni jipya. Safari hii Cynthia aliamkia bila kuambiwa. Injini ikaitikia, ikasukuma kilo kumi na sita na nusu. Kitsao, aliyekuja kufuata matokeo, alitabasamu.

Dakika ya tatu ikakohoa. Mwero alisogea. Hakikuwa kikohozi cha Biasha. Hiki kilikuwa kizito, na bado kichanga. Akaligeuza jerikeni, akasoma jina herufi kwa herufi: Twaiba. Asubuhi ile ile Twaiba alikuwa amempitishia mahamri, akamtania kwamba mjane wa kiume hunuka sabuni ya kufulia, akaenda zake kazini.

Mwero alimtazama Kitsao.

"Na huyu," aliuliza, "mmempa mpaka lini?"