Sweta la Kumtilia Bodas Dawa

Mapatano yalikuwa ya haki: asubuhi Kosasih angemtia sungura wao Bodas dawa ya masikio, jioni ingekuwa zamu ya mkewe, Entin. Utitiri ulikuwa umemjaa Bodas masikioni hadi magamba yakaota.

"Tutagawana na chuki yake," Entin alisema, wakacheka.

Chuki haikugawanyika. Bodas, aliyezoea kulala juu ya nyayo za Kosasih kila baridi ya milima ya Lembang iliposhuka, sasa alimwona tu akapiga mguu sakafuni, puu, akajificha nyuma ya gunia la mchele. Kwa Entin alipanda mapajani mwenyewe.

"Wewe unamtiaje, Ambu?" Kosasih aliuliza; tangu wapate watoto waliitana Ambu na Abah, mama na baba.

"Kama wewe, Abah. Namvingirisha taulo, natia matone, nasugua shina la sikio. Labda mkono wako mzito."

"Mkono huu umelea watoto watano."

"Hao hawakuwa na masikio marefu."

Kosasih akakata kucha, akawa anapasha chupa ya dawa kwapani kwanza ili matone yasimshtue. Wapi! Mguu ulipigwa vilevile.

Jioni moja mwalimu wa darasa la Kurani alilohudhuria msikitini aliugua, Kosasih akarudi mapema. Kupitia ufa wa mlango wa jikoni akajiona mwenyewe: sweta lake la kijani, msuli wake wa miraba, kofia yake kuukuu. Ndani ya nguo hizo alikuwa Entin, midomo kaibana asitoe sauti, anamtia Bodas dawa. Alipomaliza alimwachia, akavua vyote, akajifunga kanga yake, akachukua majani ya karoti.

"Maskini mwanangu! Abah kakufanya nini tena?"

Bodas akamrukia.

Kosasih akasukuma mlango. Hakupaza sauti, hasira yake ilikuwa imepita kiasi cha kelele.

"Sweta hilo ulinifumia wewe, Ambu. Ndilo nililovaa siku ya kustaafu."

Entin akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Wewe una msikiti, una wenzako wa kahawa. Watoto wakipiga simu wanakuuliza wewe. Mimi nilitaka kimoja tu kinikimbilie."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Kosasih alijua asingempa, na kujua hivyo kulimchoma zaidi.

Asubuhi alivaa sweta, akamtia Bodas dawa, akasugua shina la sikio mpaka mwisho. Sikio halikuwa na kosa. Kisha akalivua sweta, akalitundika msumarini, akaketi na shati jepesi, meno yakigongana.

"Vaa sweta, Abah, utapata mafua."

"Hilo sasa ni la dawa tu, langu na lako."

Bodas akatoka nyuma ya gunia. Akanusa kidole cha mguu wa mzee, akasita. Entin, majani ya karoti mkononi, hakumwita aje kwake.